Nyumba ya mawe Kiponda: tuikague kwanza, au tutamuudhi mwenyewe?

Assalamu alaykum Mzee wetu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Unguja, ila kazi imeniweka Dar es Salaam miaka mingi. Mume wangu naye ni Mzanzibari. Tumeuza kiwanja chetu, tukajumlisha na akiba, na sasa tunataka kununua nyumba Mji Mkongwe ili nirudi nyumbani nikae na mama. Umri wake umekwenda, na habari ya kuhamia bara hataki hata kuisikia.

Nyumba tuliyoipata iko Kiponda, ghorofa mbili juu ya duka. Ni ya mawe, ina mlango wa kuchonga, baraza huku na huku, kiwanja kidogo cha ndani chenye ngazi, na ukipanda juu kabisa unaiona bahari upande wa Malindi. Nikwambie kweli, siku niliyoingia moyo wangu ulikwisha kuhamia. Wameanza na milioni 190, na dalali anasema itapungua kidogo.

Muuzaji ni bibi mmoja aliyekua pamoja na mama yangu. Wamesoma chuo cha Kurani pamoja, wameliana misiba, na mimi tangu mdogo namwita mama mkubwa. Hapo ndipo tabu ilipoanzia. Mume wangu alisema tutafute mhandisi aikague nyumba kabla hatujatoa hata shilingi. Nilipomweleza mama, akaja juu: "Nyumba ya watu muipekue kama mzigo wa bandarini? Mnataka nipite wapi mie mtaani?" Anasema huyo bibi ndiye aliyemuuguza aliponizaa mimi, na kumpelekea mtu wa kugongagonga kuta zake ni sawasawa na kumwita mwongo.

Kaka yangu naye ana yake. Anasema nyumba imesimama tangu zama za masultani, imekula masika zote hizo, kwa nini ianguke siku tunayonunua sisi? Tena tayari tumeshampeleka fundi wetu wa Dar, mtu tunayemwamini, ndiye aliyetujengea vyumba vya kupangisha Mbagala. Alizunguka nusu saa, akagonga kuta hapa na pale, akasema nyumba ni chuma. Ushauri wake ni mambo mawili tu: tupige lipu ya saruji chini kote kwa sababu chokaa inabanduka, na tuweke tangi la lita 2,000 juu kwa kuwa maji ya bomba hayana uhakika.

Niliyoyaona mimi, ambaye si fundi, ni haya. Chumba kikubwa cha juu kimepigwa silingi bodi mpya, rangi bado inanukia. Ukuta wa ngazini una ufa unaoanzia juu ya dirisha na kushuka chini. Kule juu kidole changu kidogo kinaingia. Kuta za chini, mpaka usawa wa kiuno, zinapukutika unga mweupe. Choo cha juu kimejengwa baadaye, juu ya jiko. Na nyumba ya jirani mkono wa kushoto ni gofu, haina paa, mti umeota ndani.

Dalali anasema hakuna cha kukagua kwa sababu nyumba imeshapimwa, ina ramani, na mthamini wa benki ameshaiandikia thamani yake. Anataka arbuni, yaani malipo ya kuanzia, ya milioni 20 kabla ya Ijumaa, maana kuna mnunuzi mwengine anakuja kutoka Muscat.

Nimridhishe mama au nimsikilize mume?

Mtoto wa Unguja, Dar es Salaam

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Arbuni usitoe. Nimelitanguliza hilo kwa sababu Ijumaa iko karibu na majibu marefu watu huyasoma nusu. Likishakaa hilo, tuzungumze taratibu.

Nianze na kaka yako, maana hoja yake nimeisikia kwa watu wazima na akili zao. Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani pale Forodhani, ilijengwa 1883, enzi ya Sultani Sayyid Barghash, na hakuna jumba Unguja lililoonekana imara kulishinda. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, tena ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wawili wakafariki, Mungu awarehemu. Umri wa nyumba unaonyesha kwamba waliojenga walijua kazi yao. Yaliyoipata baada ya hapo ni habari nyengine kabisa, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimepatwa na mengi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenyewe wengi waliondoka, nyumba zikaingia mikononi mwa serikali, zikapangishwa chumba chumba, na paa likawa halina mtu. Kila mmoja alifagia chumba chake. Nani angepanda juu kuziba bati?

Na maradhi yote ya nyumba hizi huanzia kwenye maji. Ukuta wake una unene wa nusu mita na zaidi, lakini usidhani ni jiwe moja. Ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa nje na ndani, katikati kumejazwa vipande, na kinachoyashika ni chokaa na udongo. Ukuta huo ukikaa mkavu utadumu kuliko wajukuu zako. Ukiingiwa na maji mwaka baada ya mwaka, udongo wa ndani unayeyuka, mawe yanabaki yamekaa tu bila kushikwa na kitu, na ukuta unaanza kutoa tumbo. Juu ya kuta hizo zimelala boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba vyetu viwe virefu na vyembamba, upana wa mita tatu hivi. Juu ya boriti kuna mawe na chokaa iliyopondwa, uzito si mchezo. Uzito wote huo unabebwa na ncha za boriti zilizoingia ukutani, kipande kisichozidi mkono, na hicho ndicho hasa kipande ambacho hakionekani.

Ndiyo maana ile silingi bodi mpya imenikaa vibaya. Sisemi mama yako mkubwa ameficha kitu. Pengine ni dalali aliyemshauri kuipendezesha nyumba kabla ya kuuza, ni jambo la kawaida. Lakini chumba kikubwa cha ghorofa ya juu kabisa ndicho kilicho chini ya paa, na dari lake ndilo la kwanza kuonja maji bati likitoboka. Mhandisi atakayekuja lazima aruhusiwe kufungua angalau mbao mbili za silingi bodi, moja ya pembeni ukutani na moja ya katikati. Kwenye pembe atachukua bisibisi ndefu na kuisukuma kwenye boriti pale inapozama ukutani. Boriti nzima inagoma, bisibisi haiingii zaidi ya ncha. Boriti iliyooza au kuliwa na mchwa inaimeza mpaka kwenye mpini, na ukiichomoa inatoka na unga wa kahawia. Katikati ya chumba boriti hiyo hiyo inaweza kuwa nyeusi, ngumu, ukaigonga ikalia vizuri tu. Fundi anayegonga katikati akaondoka hajakagua kitu.

Fundi wenu wa Dar simlaumu. Kazi yake ni tofali, zege na nondo, na huko pengine hana mpinzani. Lakini mambo yote mawili aliyowashauri yangewagharimu.

Lipu ya saruji kwanza. Unga mweupe uliouona ni chumvi. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unabeba chumvi, na kwenye lipu ya chokaa unatoka nje polepole, chokaa inapukutika, unapaka tena. Kupukutika huko ni kazi yake, chokaa inaliwa ili jiwe lisiliwe. Ukiuziba ukuta kwa saruji, unyevu hauondoki, unatafuta njia juu zaidi. Badala ya kiuno utauona kifuani, halafu siku moja lipu nzima ya saruji inadondoka na uso wa jiwe umegandia nyuma yake. Nenda vichochoroni Mkunazini au Sokomuhogo uangalie nyumba zilizopigwa saruji chini, utaiona mistari ya majimaji ilipofika.

Tangi ndilo baya zaidi. Maji lita 2,000 ni tani mbili, bado tangi lenyewe na jukwaa lake. Tani mbili uziweke juu ya boriti ambazo hamjaziona ncha zake! Tangi liwekeni chini kiwanjani, muwe na pampu na tangi dogo la juu pale tu mhandisi atakapopaonyesha, juu ya ukuta mnene na si katikati ya chumba.

Sasa ufa wa ngazini. Umeniambia jambo moja la maana bila ya kujua: kwamba kidole kinaingia kule juu. Ufa mpana juu na mwembamba chini maana yake mara nyingi ukuta unaegemea nje, unaachana na mwenzake. Boriti hulala kwenye kuta mbili zinazotazamana, na kuta hizo zimefungwa nazo. Zile mbili nyengine hazibebi sakafu na hazikushikwa na kitu ila pembe zake, kwa hiyo hizo ndizo zinazokimbia. Mhandisi ataning'iniza timazi kutoka dirisha la juu mpaka chini, ataona ukuta umetoka kiasi gani. Kisha ataumulika ufa kwa tochi. Ukiwa na rangi ya zamani ndani, vumbi na utando wa buibui, ni ufa mzee, pengine ulikwisha kutulia zamani. Kingo zikiwa safi na kali, unatembea. Akitilia shaka atabandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta juu ya ufa na kuandika tarehe. Kioo kikikatika, jibu limepatikana. Kwa hicho lakini mtahitaji miezi, na dalali wako hana hata siku.

Ufa huo uko upande gani wa nyumba? Hukusema, na ningependa kujua, kwa sababu ya gofu. Nyumba za Mji Mkongwe zinaegemeana. Jirani akiondoka, ukuta wa kati ambao haukujengwa kuonana na mvua unakuwa ukuta wa nje, na ile sakafu ya upande wa pili iliyokuwa ikiushikilia haipo. Mti nao mizizi yake haijui mpaka. Kama ufa uko upande huo huo wa kushoto, gofu limo ndani ya bei yenu mkitaka msitake. Kaulizeni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ni la nani, kuna mpango gani nalo, na kama mtaruhusiwa kuingia upande ule kukata mti na kuupiga ukuta lipu ya chokaa.

Choo cha juu sitakitilia maneno mengi. Kimewekwa juu ya boriti ambazo hazikutarajia choo. Mhandisi aingie jikoni chini yake, atazame dari, afuate bomba mpaka linapotokea, aulize shimo liko wapi. Shimo la choo chini ya ukuta limeshaangusha nyumba.

Dalali anakwambia nyumba imeshapimwa na imeshathaminiwa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli na yasikusaidie. Mpima ardhi anakupa mipaka. Mthamini wa benki anakisia nyumba itauzika kwa kiasi gani ukishindwa mkopo, na anafanya kwa ajili ya benki. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepanda kwenye nafasi iliyo kati ya bati na dari la zamani, akalala kifudifudi na tochi. Mnayemtaka ni mhandisi majengo aliyesajiliwa na aliyewahi kushughulika na nyumba za mawe, mkamlipe nyinyi wenyewe, asiwe mtu wa dalali wala ndugu wa muuzaji. Afuatane na fundi chokaa mzee. Wapo bado, waulizieni hao hao Mamlaka wanaosimamia ukarabati. Mhandisi atakwambia ukuta umeinama kiasi gani, fundi chokaa atakwambia umeinama tangu lini na unarudishwaje, maana amekwisha kuzirudisha kuta kumi za namna hiyo. Ripoti iwe ya maandishi, yenye picha, na itenganishe linalotakiwa kabla hamjalala ndani usiku mmoja, linaloweza kungoja mwaka, na lisilo na haraka. Kila moja na makisio ya gharama. Mwambieni akumbuke kwamba lori haliingii Kiponda. Kila mfuko wa chokaa na kila boriti itaingia kwa mkokoteni au begani, na kifusi kitatoka kwa njia hiyo hiyo, na watu hao wanalipwa.

Kama mnaweza kusubiri, nyumba hizi zikaguliwe wakati wa mvua, Machi mpaka Mei, au hata vuli. Kiangazi kila paa ni zima.

Tuje kwenye karatasi, maana nyumba inaweza kuwa haina ufa hata mmoja na bado ikakutoka mikononi. Umesema mama yako mkubwa ndiye muuzaji. Nyumba ni yake mwenyewe, au aliachiwa na marehemu mumewe? Sikuulizi kwa ubaya. Mume akifariki na kuacha watoto, fungu la mke ni thumni, yaani moja ya nane. Thumni ya milioni 190 ni milioni 23 na laki saba na nusu. Arbuni anayoitaka dalali peke yake inakaribia fungu lake lote. Yaliyobaki ni ya warithi wengine, na huenda mmoja yuko Dubai, mwengine London, na mtoto wa mwengine hajafika umri. Bila ya mirathi kupita njia yake, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana au Mahkama ya Kadhi, na bila ya kila mrithi kuridhia kwa maandishi, mtakuwa mmenunua ugomvi wa watu. Hapo hapo Kamisheni ya Wakf muulize kama nyumba au sehemu yake ni wakf. Hutokea ghorofa ni ya mtu na duka la chini ni la wakf.

Na duka hilo, mwanangu, limo kwenye mauzo? Kuna mpangaji? Alitoa kilemba, ile pesa ya kuingilia dukani? Aliyetoa kilemba miaka ishirini iliyopita hatoki kwa sababu nyinyi mmebadilisha jina kwenye hati.

Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 imeweka ardhi yote ya Zanzibar kuwa mali ya umma, kwa hiyo mnachonunua ni haki ya kuitumia pamoja na jengo, na mauziano yanataka ridhaa ya Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Wakili wenu aanzie Kamisheni ya Ardhi, aifuate historia ya nyumba kurudi nyuma: nani alikuwa nayo kabla ya 1964, ilichukuliwa au haikuchukuliwa, na kama serikali iliiuza, aliuziwa nani. Karatasi ya sheha, kiongozi wa shehia, ni nzuri kuwa nayo, lakini isiwe ndiyo pekee. Nyote wawili ni Wazanzibari, hilo limewapunguzia safari nyingi za afisini.

Kisha mjue mnanunua mahali gani. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Mamlaka niliyoitaja ipo tangu 1985. Huwezi kubadilisha dirisha, kuongeza ghorofa wala kung'oa mlango bila kibali chao. Watu wananunua kwa ndoto ya mkahawa wa juu ya paa, wanaambiwa hapana, halafu wanalalamika wamedhulumiwa. Kabla ya kununua, nendeni mkaulize jengo hilo limewekwa daraja gani la uhifadhi, na kama ghorofa, choo au bati lililoongezwa lilipata kibali. Kosa la mwenye nyumba wa zamani linahama pamoja na ufunguo.

Nimemwacha mama yako mwisho kwa sababu ndiye mzito kuliko ufa.

Mama yako hajakosea kuona muhali. Ukimtuma dalali akamwambie yule bibi "wanunuzi wanaleta mkaguzi", ataudhika, na mimi ningeudhika. Kwa hiyo dalali asiwemo. Nendeni wewe na mama yako, mkae naye barazani mnywe chai, na umwambie kwa mdomo wako kwamba mnaitaka nyumba yake, mnataka kuitengeneza, na kibali cha matengenezo hakipatikani bila ya michoro na maelezo ya hali ya jengo, kwa hiyo mtu lazima aingie apime na atazame. Hayo ni kweli tupu, hujamdanganya. Mwambie pia kwamba mmeweka pesa zote mlizo nazo na watoto watatu watalala humo. Mtu aliyemuuguza mama yako atalielewa hilo bila ya kuelezwa mara mbili.

Halafu muulize yeye. Hili ndilo ambalo hakuna aliyelifanya kati yenu, mmebaki mnabishana kama inafaa kumletea mhandisi, na mtu aliyeishi ndani ya nyumba miaka yote hiyo hamjamuuliza neno. Masika anaweka ndoo wapi? Chumba gani aliacha kukilalia, na kwa nini? Ufa wa ngazini ulianza lini, kabla ya nyumba ya jirani kuanguka au baada yake? Silingi bodi aliweka nani? Muulize kwa upole, kama unayejifunza nyumba utakayoirithi kwake, na atakwambia mambo ambayo mhandisi angehitaji masika mawili kuyagundua. Mwandikie mhandisi majibu yake kabla hajaingia. Na akikataa kabisa, si kwa kuudhika bali kwa kukataa watu wasiguse silingi bodi ile, hapo nawe utakuwa umeshajua.

Ripoti ikija, ipelekeni kwenye bei bila ya kuona haya. Boriti kadhaa zilizooza, paa la kubadilisha, chumvi ya chini, choo cha kuhamisha, yote hayo yanatengenezeka na watu wanayatengeneza kila siku. Jumlisheni gharama, mkae naye, mpunguze. Mimi ningerudi nyuma kwa mambo mawili tu. La kwanza, ukuta wa upande wa gofu ukionekana bado unatembea na mwenye gofu hapatikani. La pili, mrithi hata mmoja asiyetaka kutia saini.

Mkitaka kumwonyesha kwamba nia ipo, arbuni itolewe kwa wakili, iwe ndogo kuliko milioni 20, na mkataba useme wazi kwamba inarudi yote ukaguzi ukionyesha hatari ya jengo au warithi wasipokamilika. Dalali akisema mnunuzi wa Muscat hatoi masharti, mwambie amkaribishe.

Na siku silingi bodi itakapofunguliwa, mwambieni mhandisi apige picha kila boriti kabla haijafungwa tena, aziandike namba kuanzia upande wa mlango. Mafundi watakapoanza kazi mtazihitaji, na Mamlaka watakapowauliza mlikuta nini mtakuwa na cha kuwaonyesha.